Mfupa wa shavu la binti yangu unakua, daktari anasema tusubiri

Assalaam alaykum Daktari, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Makorora hapa Tanga, nauza vitumbua na mikate ya kumimina asubuhi. Mume wangu ni mvuvi, mara nyingi yuko Kigombe, kwa hiyo mambo ya nyumbani nayabeba mimi.

Shida yangu ni binti yangu wa pili. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Alipokuwa darasa la tano nilianza kuona shavu lake la kushoto limetuna kidogo chini ya jicho. Nikadhani ni jino. Nikampeleka zahanati, wakamng'oa gego bila kumpiga picha yoyote, wakampa vidonge. Uvimbe ukabaki palepale. Haumuumi, hautoi usaha, ukiugusa ni mgumu. Umekua polepole, mwaka kwa mwaka, na sasa uso umekwenda upande. Ndani ya mdomo ufizi wa juu umenenepa na meno ya upande huo yameachana.

Mwaka jana tulimpeleka hospitali akapigwa eksirei. Daktari aliitazama, akasema si saratani, ni ugonjwa wa mfupa, "mwacheni amalize kukua kwanza, halafu mtarudi." Basi. Hakutupa tarehe wala karatasi. Mimi nilitoka pale nalia, nikaona tumefukuzwa kistaarabu.

Nyumbani kila mtu ana lake. Shemeji yangu aliye Dar anasema kuna mtu anamjua, tukipeleka fedha atamkata mara moja na kuumaliza mfupa wote. Jirani anasema tuombe mionzi, maana dada yake alikuwa na uvimbe akapigwa mionzi akapona. Mama mkwe anashikilia kuwa ni jini, na ameshaleta mganga akamchanja chale shavuni. Wifi zangu nao wanasema maradhi haya yametoka kwetu, eti kwa kuwa marehemu mjomba wangu alikuwa na rovu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Binti mwenyewe hasemi sana. Anajifunika mtandio mpaka puani. Kwenye harusi ya dada yake hakukubali kupigwa picha hata moja. Juzi usiku akaniuliza, "Mama, mimi nitaolewa kweli? Na nikizaa, mtoto naye atakuwa hivi?" Sikuwa na la kumjibu.

Niambie ukweli, Daktari. Hii ni saratani au siyo? Akatwe au tusubiri? Na akikatwa, hautarudi?

Mama wa Makorora, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam, na marahaba mdogo wangu. Pole sana. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu najua ziko nyumba nyingine Tanga, Muheza na Pangani zenye mtoto wa namna hii na ndugu wanaovutana namna hii.

Naanza na lile linalokunyima usingizi. Wifi zako wamekosea. Maelezo yako yanaelekea sana kwenye ugonjwa uitwao faibrasi displezia, na ugonjwa huo hautoki kwa mama wala kwa baba. Kuanzia mwaka 1991 watafiti walikitambua chanzo chake, nacho ni hitilafu katika jeni iitwayo GNAS. Hitilafu hiyo hutokea katika seli moja baada ya mimba kutungwa, wakati ingali changa kabisa, kwa hiyo wazazi hawanayo na hawawezi kuirithisha. Seli zinazozaliwa na ile moja ndizo zinazoibeba. Zikiwa mahali pa kujenga mfupa, hujenga nyuzinyuzi zilizochanganyika na mfupa mchanga usiokomaa, na eneo hilo huvimba. Hukula kitu kibaya ulipokuwa na mimba yake, wala hukuvunja mwiko wowote. Rovu la marehemu mjomba wako lilikuwa tezi ya shingo, na halina undugu wowote na mfupa wa taya.

Kwa hiyo swali la binti lina jibu, na umpe leo: akizaa, mtoto wake hatarithi hili. Akishika mimba siku moja, awaambie tu wahudumu wa kliniki, kwa kuwa kuna wanawake ambao mfupa huu huamka na kuongezeka wakati wa ujauzito.

Nimesema maelezo yako "yanaelekea", na nimesema hivyo kwa makusudi. Barua haipigi picha. Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote ni kwamba kabla ya kuuliza akatwe au asikatwe, uulize jina la ugonjwa. Kuna vivimbe vya taya ambavyo kwa nje vinafanana kabisa, havina maumivu, vinakua taratibu, wala si saratani, lakini matibabu yake yanapingana. Anayeshika kisu bila kujua ameshika upi anaweza kumharibu mtoto hata kama mkono wake ni hodari.

Chukua ameloblastoma. Tafiti za Muhimbili zimeionyesha kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa vivimbe vya taya vinavyoonekana sana hapa Tanzania. Nayo si saratani kwa kawaida yake, lakini inatafuna mfupa na kupenya pembezoni kuliko inavyoonekana. Ukiikwangua tu, mara nyingi inarudi, wakati mwingine baada ya miaka mingi watu wakiwa wamesahau. Hiyo hukatwa pamoja na mfupa wenye afya unaoizunguka, sentimita 1 hadi 2 kupita ukingo wake, kisha taya hushikiliwa kwa bamba la titani na kujengwa upya kwa mfupa wa nyonga au wa mguu. Hapo kusubiri ni hatari, na kuparaza juujuu ni kumcheleweshea mgonjwa. Kwa kawaida hukaa taya la chini, nyuma karibu na magego, na huwapata zaidi vijana na watu wazima.

Faibrasi displezia ni kinyume chake. Hupenda taya la juu, huanza utotoni, na kwa wagonjwa wengi hupunguza mwendo au kusimama mwili unapomaliza kukua. Kuikata yote huku ikiwa imeshikana na mfupa wa jicho na pua ni kumfanyia mtoto jeraha kubwa kwa ugonjwa ambao pengine ungetulia wenyewe. Hii huchongwa ili uso urudi katika umbo lake, na wakati wa kuichonga una maana kubwa.

Katikati ya hizo mbili iko fibroma ya mfupa. Yenyewe ina mpaka wake, daktari anaweza kuikokoa nje ikatoka karibu nzima, na isipotolewa huendelea kukua. Kwa watoto na vijana iko aina yake inayokwenda kasi na kurudi mara kwa mara, na hiyo hailegezewi.

Picha ndiyo inayoanza kuzitenganisha. Kwenye faibrasi displezia mfupa huonekana wa ukungu, kama kioo cha dirisha la bafuni kinachopitisha mwanga bila kuonyesha sura, na huwezi kuonyesha kwa kidole unapoishia, kwa sababu unayeyukia kwenye mfupa wenye afya. Fibroma ina ukingo unaoonekana. Ameloblastoma mara nyingi huonyesha vishimo vyeusi vingi vilivyopakana. Sasa, eksirei ya kawaida ya taya la juu ina tatizo: mifupa ya uso hulaliana juu ya filamu, na usahihi unapotea. Ndiyo maana binti anahitaji CT, yaani picha ya kompyuta inayoonyesha uso kipande kwa kipande na mfupa umefika wapi, hasa karibu na mshipa wa fahamu wa jicho.

Picha isipotosha, huchukuliwa kinyama cha mfupa kupelekwa maabara. Na hapa nakuomba uwe makini, maana jambo hili hupotea hata mikononi mwa wataalamu: chini ya hadubini faibrasi displezia na fibroma ya mfupa zinaweza kufanana sana. Anayesoma kinyama bila kuona picha anaweza kuandika jina lisilo lake. Omba majibu ya picha yaambatane na kinyama kwenda maabara. Usione haya kuomba. Ni haki ya mtoto wako.

Nije kwenye neno "subirini" lililokuliza. Daktari yule, kama aliona faibrasi displezia, hakukosea kitabibu. Mfupa huu ukichongwa mtoto angali anakua, mara nyingi huota tena, na atarudi mezani mara ya pili na ya tatu. Lakini kukwambia usubiri bila tarehe, bila vipimo na bila kukueleza dalili za hatari, hilo silitetei. Kusubiri kwa kitabibu kuna kazi ndani yake: picha ya mwanzo inatunzwa, baada ya miezi sita au mwaka inapigwa nyingine, zinalinganishwa, na macho yanapimwa. Binti yako ana miaka 16. Wasichana wengi katika umri huo huwa wamekaribia kumaliza kukua au wamekwisha kumaliza, kwa hiyo muda wa kuamua umekaribia. Ndiyo sababu sitaki ukae tena nyumbani na lile "mtarudi".

Nyumbani mnaweza kusaidia. Kila baada ya miezi mitatu mpige picha kwa simu, uso wa mbele, wa ubavuni, na akiwa ameinua kidevu, mahali pamoja, mwanga uleule. Najua hataki kupigwa picha. Mweleze kuwa hizi ni za daktari, na azitunze yeye mwenyewe kwenye simu yako ili asizione mtu mwingine.

Msisubiri tarehe yoyote, nendeni hospitali siku hiyohiyo, akianza kuona ukungu au vitu viwiliviwili, jicho likisukumwa mbele, uvimbe ukikua ghafla ndani ya wiki chache, maumivu makali yakiingia mahali ambapo hapakuuma, au ganzi ikishika shavu na mdomo. Pua kuziba upande mmoja na meno kushindwa kukutana si dharura ya siku hiyo, lakini daktari lazima ayajue.

Kuhusu saratani: faibrasi displezia si saratani. Kugeuka kuwa saratani hutokea, ila ni nadra sana, na moja ya mambo yanayojulikana kuongeza hatari hiyo ni mionzi. Kwa hiyo jirani yako ana nia njema lakini ushauri wake usifuatwe hata kidogo. Dada yake huenda alikuwa na saratani, na mionzi inayotolewa pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, ni tiba ya saratani. Mfupa huu haupigwi mionzi.

Mtu wa shemeji yako, muulizeni kwa simu kabla hamjauza chochote. Ugonjwa unaitwaje? Ameuona kwenye CT ya lini? Atafanya upasuaji hospitali gani, na damu ikihitajika ipo? Anayesema "nitaumaliza mfupa wote" bila kuona picha ya mtoto msimpe mtoto.

Na mama mkwe. Mheshimu, usigombane naye, asome dua na kisomo, hakuna daktari wa kukataza dua. Ila chale zikome. Wembe mchafu huleta maambukizi, na kovu shavuni ni la maisha, wakati upasuaji wenyewe kwa kawaida hauachi hata mkwaruzo usoni.

Hilo la kovu wengi hawalijui, kwa hiyo nieleze upasuaji unavyokwenda. Mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi, mara nyingi mpira wa kupumulia ukipitishwa puani ili mdomo ubaki wazi. Daktari hupasua ndani ya mdomo, kwenye ufizi wa juu chini ya mdomo wa juu, akainua nyama na kuufikia mfupa. Huuchonga kwa mashine ya kusaga na patasi, akiulinganisha na upande wa pili mpaka shavu litulie, kisha hushona kwa uzi ambao mara nyingi huyeyuka wenyewe. Mfupa uliochongwa hupelekwa maabara tena, na msikubali utupwe. Mfupa huu unavuja damu kuliko mfupa wa kawaida, kwa hiyo kundi la damu lipimwe mapema na ndugu wawe tayari kutoa. Wifi na shemeji wanaotaka kusaidia, hapo ndipo pa kusaidia.

Siku za mwanzo atavimba na kutisha kidogo, usishtuke. Uvimbe mwingi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Atakula uji, supu ya samaki iliyochujwa miiba, viazi vya kuponda, na kusukutua kwa maji ya chumvi vuguvugu kila baada ya kula. Shavu na mdomo wa juu vinaweza kuwa na ganzi kwa wiki au miezi, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita palepale. Kwa wengi hisia hurudi, kwa wachache hubaki hafifu. Aambiwe kabla ya kutia saini, naye mwenyewe awepo.

Utarudi? Unaweza kuongezeka tena, kwa kuwa kuchonga kunaacha mfupa wenye ugonjwa ndani. Baadhi ya wagonjwa huchongwa mara ya pili. Ukichongwa baada ya kukua kusimama, uwezekano huo unapungua. Atahitaji kuonwa kila mwaka hata uso ukiwa mzuri. Meno yaliyoachana yasing'olewe. Lile gego lililotolewa bila picha halikuwa na hatia, na nasema hili kwa ukali kwa kila anayesoma: uvimbe wa taya usioelezeka hauanzi na koleo, unaanza na picha. Tena nawaambia akina mama wa miaka 40 na kuendelea, kuna ugonjwa mwingine wa mfupa wa taya unaotuchagua sisi wanawake weusi, huonekana kwa bahati tu kwenye eksirei ukizunguka mizizi ya meno mazima. Huo kwa kawaida haukatwi wala haunyofolewi kinyama, na kung'oa meno yake kunaweza kuleta usaha wa mfupa usiokwisha.

Kitu kimoja cha kutazama nyumbani: mkague mgongo, shingo na mapaja kama ana madoa mapana ya rangi ya kahawa ya maziwa. Kumbuka pia kama alivunja ungo mapema mno, kabla ya miaka minane, au aliwahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo. Ukiona lolote katika hayo, mwambie daktari, kwa sababu ugonjwa huu wakati mwingine hugusa mifupa mingine na tezi za mwili, na hapo kuna vipimo vya ziada. Kama hakuna, vizuri.

Sasa safari. Anzeni hospitali ya Bombo hapo Tanga, idara ya kinywa na meno, mkiwa na ile eksirei ya mwaka jana mkononi. Kama filamu imebaki hospitali, ombeni nakala. Ombeni jina la ugonjwa liandikwe kwenye cheti, na ombeni rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Muhimbili wapo mabingwa hao. Kabla hamjapanda basi stendi ya Kange, kama mna bima ulizeni CT na upasuaji vinalipiwa kiasi gani na rufaa inahitaji muhuri gani, msije mkakwama Dar na mgonjwa. Kama hamna bima na hali ni ngumu, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali muelezee hali yenu kwa ukweli. Baba yake apande kutoka Kigombe siku hiyo ya kwanza. Maneno ya ukweni yatapungua akiyasikia majibu kwa masikio yake mwenyewe kutoka kwa daktari.

Shuleni nenda kwa mwalimu wa malezi, umweleze kuwa ni ugonjwa wa mfupa, hauambukizi, na kwamba utani wa wenzake ukomeshwe. Mwombe binti naye aandike maswali yake kwenye daftari aingie nayo kwa daktari, ayaulize yeye. Ana miaka 16, uso ni wake.

CT ipigwe mapema iwezekanavyo. Mkiambiwa kukua kumesimama na anaweza kuchongwa, ombeni tarehe ya likizo ya Desemba. Atapata wiki za kupona kabla ya kuanza kidato cha nne, na mtihani wa Novemba hautaingiliana na matibabu. Mkiambiwa bado, msiondoke bila tarehe ya picha inayofuata. Niandikie ukishapata lile jina kwenye cheti.